Usiongeze Ng'ombe Kabla ya Majani

Ndugu mkulima, bila shaka unafurahi unapoona maziwa ya shamba lako yakiongezeka. Ulipoanza ulipeleka lita 6 kwa chama, na leo unapeleka lita 36, na kila mtu apitaye barabarani anaona kwamba zizi lako limebadilika. Ni haki yako kufurahi. Lakini wakati kama huu, mambo yanapokwenda vizuri, ndipo mkulima anapoweza kuliharibu shamba lake upesi kuliko wakati wa shida. Mwenye ng'ombe mmoja hawezi kukosea sana. Mwenye ng'ombe watatu wazuri, ambaye benki na chama wameanza kumwamini, huyo anaweza.

Katika ofisi ya kilimo kazi yangu ni kuandika. Naandika majina ya watu wanaotaka udongo wao upimwe, wanaotaka mbegu, na wanaotaka Bwana Mifugo awatembelee. Daftari hilo limenionyesha jambo moja. Mwezi wa Mei, mvua ikiwa imekolea na majani ni mengi hata kando ya barabara, watu huja kuuliza njia ya kupata mkopo wa kununua mitamba. Mwezi wa Februari watu huja kuuliza majani ya kununua yanapatikana wapi. Mara nyingi ni majina yale yale.

Kabla ya kuingia ofisini nilisomea ualimu, na mazoea ya ubao hayajanitoka, kwa hiyo tufanye hesabu kidogo. Nimeifanya iwe rahisi makusudi, maana ng'ombe si mashine, lakini njia yake ni ya kweli.

Chakula anachokula ng'ombe hutumika kwanza kuuweka mwili wake: kupumua, kutembea, kupata joto, kujenga damu. Hapo hapati mtu hata kikombe kimoja cha maziwa. Kile kinachobaki baada ya mwili kushiba ndicho kinachogeuka maziwa. Tuseme ng'ombe wako wa gredi anahitaji mizigo 4 ya majani kwa mwili wake, na ukimpa mizigo 4 zaidi anakutolea lita 12. Basi kila ng'ombe anakula mizigo 8. Una ng'ombe watatu na shamba lako linatoa mizigo 24 kwa siku. Unapata lita 36.

Sasa umeleta ng'ombe wawili zaidi, na majani hukuongeza. Mizigo ile ile 24 imegawanywa kwa ng'ombe watano, na kila mmoja anapata mizigo 4 na nukta 8. Toa mizigo 4 ya mwili. Imebaki nukta 8 tu ya mzigo, nayo haitoi hata lita 2 na nusu. Zidisha mara tano. Umepata lita 12! Ulikuwa na ng'ombe watatu na lita 36, sasa una ng'ombe watano na lita 12, na kazi ya kukamua, kuosha na kupiga dawa ya kupe imeongezeka karibu mara mbili.

Mzee mmoja nilipomwonyesha hesabu hii aliniambia, "Mwalimu, mimi nimeongeza ng'ombe wawili na maziwa hayakupungua. Huu ni mwezi wa pili." Nikamjibu, "Mzee, hiyo ni kweli, nami nakusadiki." Maana ng'ombe aliyezaa karibuni akikosa chakula haachi kutoa maziwa siku ile ile. Kwanza hula mwili wake mwenyewe. Utamwona mbavu zikitokeza na nyonga zikichongoka, huku debe la maziwa likiwa karibu kama zamani. Ndiyo maana mkulima hudanganyika. Anatazama debe wala hatazami mgongo wa ng'ombe.

Na hasara kubwa kuliko hiyo huja polepole zaidi. Ng'ombe aliyekonda haji kwenye joto, au huja kimya kimya hata usimwone, na ukimpandisha hashiki mimba. Ng'ombe hubeba mimba kwa miezi 9 na siku chache. Aliyelishwa vizuri hushika mimba tena katika mwezi wa tatu baada ya kuzaa, na kwa hiyo anaweza kukupa ndama kila mwaka, au kila miezi 13. Ukimkondesha, miezi hiyo inakuwa 16, au 18, au zaidi. Basi majani uliyokosa kumpa Februari hii, utayaona mwakani wakati ambapo ndama alikuwa azaliwe na hakuzaliwa, na maziwa yaliyokuwa yaje na ndama huyo hayakuja. Wakati huo umekwisha sahau habari ya Februari. Utasema ng'ombe huyu ni mbaya, au sindano ya kupandishia ilikuwa mbovu.

Kwa sababu hiyo mimi hupenda kuwaambia watu watazame jinsi ng'ombe anavyoongezeka mwenyewe bila mkopo. Ng'ombe watatu watakuzalia ndama watatu katika mwaka mmoja na kitu. Kwa kawaida nusu ni madume. Mtamba akitunzwa vizuri huzaa akiwa na miaka miwili na miezi michache, lakini katika mashamba yetu mengi hufika miaka mitatu. Kwa hiyo mwenye ng'ombe watatu leo, baada ya miaka mitatu anaweza kuwa na watano hivi wanaokamuliwa, ikiwa hakuna aliyekufa. Watu huudharau mwendo huo na kusema ni wa kobe. Lakini fikiri: katika miaka mitatu hiyo unaweza kupanda eka mbili za majani, kuchimba kisima au kuweka tangi, kujenga ghala la nyasi kavu, na kumfundisha kijana wako kukamua vizuri. Ndama anapokuwa mtamba, kila kitu kinamngoja. Mtamba wa kununuliwa, kinyume chake, hushuka kutoka kwenye lori siku hiyo hiyo akiwa na njaa.

Na si njaa tu. Mtamba aliyekulia mahali pasipo kupe, akiletwa mahali penye kupe, ndiye wa kwanza kuugua ndigana. Siku hizi kuna chanjo yake, lakini inataka kupangwa na Bwana Mifugo mapema, si siku ambayo tezi za shingo zimekwisha vimba. Sitaendelea na habari ya magonjwa hapa, kwa maana inahitaji ukurasa wake.

Wazee waliopewa mashamba katika mpango wa eka milioni moja, ulioanza mwaka wa 1962, wanaijua habari hii kwa uchungu. Familia zipatazo 35,000 zilipewa mashamba katika sehemu kama Kinangop, Ol Kalou, Sotik na Lugari. Shamba lilikuwa la mkopo wa kulipwa kwa miaka 30. Ng'ombe wa gredi, seng'enge na mbegu zilikuwa za mkopo mwingine, wa miaka 10, na riba yake ilikuwa asilimia 6 na nusu. Mpango ulikuwa umeandikwa vizuri karatasini: ng'ombe kadhaa, eka kadhaa za pareto au viazi, na kila nusu mwaka fedha za kulipa. Lakini wengi walikuwa hawajawahi kufuga ng'ombe wa gredi, josho lilikuwa mbali au halijajengwa, na majani mapya yalikuwa hayajapandwa. Tarehe ya kulipa ilifika, ng'ombe awe amezaa au hakuzaa. Ng'ombe akifa, deni lake halikufa naye. Baada ya miaka michache tu sehemu kubwa ya watu ilikuwa imebaki nyuma katika malipo, na wako waliowaachia watoto wao shamba pamoja na deni lake.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mpango ule ulikuwa mbaya, maana bila huo wengi wetu tusingekuwa na mahali pa kusimama. Nasema kwamba mabadiliko mengi yalitakiwa yafanyike kwa mara moja: shamba jipya, ng'ombe wapya, majani mapya, chama kipya, na deni ambalo lilianza kuhesabiwa tangu siku ya kwanza. Waliofanikiwa upesi, kama wazee wenyewe wasimuliavyo, ni wale waliojifunza jambo moja kabla ya kushika jingine.

Leo mambo yamebadilika, lakini deni halijabadilika tabia. Shamba la skimu hupati hati yake mpaka deni la Serikali limekwisha. Na ukishaipata hati, ndiyo hiyo hiyo benki inayoitaka uiweke rehani ili ununue mitamba. Tafadhali zungumza na mkeo, na wewe mama zungumza na mzee wako, na watoto wenu wakubwa nao wasikie, kabla hati haijatoka sandukuni. Wale ambao watabeba majani na maji ndio wanaojua kama kazi inaweza kuongezeka.

Tukitaja maji, hapa ndipo wengi hawafanyi hesabu hata kidogo. Ng'ombe anayekamuliwa hunywa lita 60 hivi kwa siku, na siku ya jua kali hupita hapo. Hiyo ni mitungi mitatu ya lita 20. Ng'ombe watatu wanataka mitungi 9, na punda abebaye mitungi minne atakwenda mtoni mara mbili na kitu. Ng'ombe wanane wanataka mitungi 24. Punda yule yule atakwenda mara sita, kila siku, Jumapili na Krismasi pia. Kama mto uko umbali wa nusu saa, mtu na punda wamemaliza siku nzima barabarani. Kinachotokea ni kwamba ng'ombe wanapewa maji nusu, na ng'ombe akikosa maji hupunguza maziwa siku ile ile, hata kama hori limejaa majani. Kwa hiyo kwa watu wengine kitu kinachotakiwa kuja kabla ya ng'ombe wa nne si majani, ni tangi na mabati ya kukinga mvua.

Kadhalika mikono. Kumkamua ng'ombe mmoja vizuri, kumwosha kiwele, kumpangusa na kumaliza, ni dakika kumi. Ng'ombe watatu ni nusu saa. Wanane ni saa moja na dakika ishirini, asubuhi na tena jioni, na gari la maziwa halimngoji mtu. Mkamuaji mwenye haraka huruka kuosha, huacha maziwa ndani ya kiwele, na baada ya wiki chache unaanza kuona mabonge katika maziwa. Huo ni ugonjwa wa kiwele, na chanzo chake si ng'ombe, ni kuongeza kazi bila kuongeza mikono.

Sasa fedha. Mkulima anayekua huishiwa na fedha, na jambo hili huwashangaza watu kuliko yote. "Nina maziwa mara mbili, mbona sina shilingi?" Sababu yake ni kwamba unga wa ng'ombe unanunuliwa leo, na maziwa yanalipwa mwisho wa mwezi au katikati ya mwezi ufuatao. Ukimpa ng'ombe kilo 4 za unga kwa siku, kwa mwezi ni kilo 120. Ng'ombe watatu wanakula kilo 360, yaani magunia 5 na kidogo ya kilo 70. Sita wanakula magunia 10 na zaidi. Basi mwezi ule unapotoka ng'ombe watatu kwenda sita, unalipa magunia 10 kwa fedha zilizotokana na maziwa ya ng'ombe watatu! Na kama wale watatu wapya ni mitamba wenye mimba, utawalisha miezi kadhaa kabla ya kuona tone. Usipokuwa na akiba ya kutosha unga na dawa kwa miezi miwili, utaanza kukopa dukani, na mwenye duka atakuuzia kwa bei yake.

Akiba hiyo ina kazi nyingine pia. Mnunuzi wa maziwa naye anaweza kuanguka. KCC ilianzishwa mwaka wa 1925, na kwa miaka mingi watu waliitegemea kama mlima. Mwaka wa 1992 Serikali iliacha kupanga bei ya maziwa, wanunuzi wengine wakaingia, na kabla ya miaka kumi kupita KCC ilikuwa imeanguka na wakulima wengi wakingojea malipo yao. Mwaka wa 2003 Serikali iliifufua kwa jina la New KCC. Katika miaka ile aliyekuwa na ng'ombe watatu na deni dogo alikunywa maziwa yake, akauza mengine kwa majirani na kwenye hoteli, akaendelea. Aliyekuwa ametanua zizi kwa mkopo hakuweza kungoja, akauza ng'ombe wakati ambapo kila mtu alikuwa akiuza.

Huenda ukasema, karani huyu anatutisha ili tukae na ng'ombe mmoja hata kufa. La. Kuna kosa la kuchelewa pia, nalo ninaliona. Kuna watu majani yao yanakomaa mpaka yanakuwa magumu kama mianzi, hayana nguvu tena, kwa kuwa hakuna mdomo wa kuyala. Kuna watu wamebaki na ng'ombe mzee anayetoa lita 4 kwa sababu wamemzoea, wakati mtamba mzuri aliyezaliwa hapo hapo anauzwa kwa mchuuzi kulipa karo. Mtu kama huyo angefaa kumwuza mzee na kumbakiza mtamba. Idadi haikuongezeka, lakini maziwa yameongezeka mara mbili. Hiyo nayo ni njia ya kukua, na kwa shamba la eka tano au saba mara nyingi ndiyo iliyo bora.

Basi utajuaje kwamba wakati umefika? Dawa yake ni kupima mwezi wa Februari, si mwezi wa Mei. Mwezi wa Mei kila mkulima ni tajiri wa majani. Kwa sehemu nyingi za skimu zetu kiangazi kirefu huanza Januari na mvua hurudi mwisho wa Machi. Kama mvua ya Machi inakukuta ukiwa bado na majani shambani au nyasi kavu ghalani, na ng'ombe wako hawajakonda, na hukununua mzigo hata mmoja, hapo shamba lako linakuambia lina nafasi ya ng'ombe mwingine. Mmoja, si wanne. Mwache apite kiangazi kimoja pamoja nawe. Kiangazi cha pili kikipita vile vile, ongeza mwingine.

Mama mmoja wa skimu yetu hahitaji hata kalamu. Anachora alama ya makaa katika nguzo ya zizi kila anapoleta mzigo wa majani, na alama ya pembeni kila anaponunua. Mwisho wa mwezi anahesabu. Nilipomwuliza kwa nini hajachukua mkopo wa chama, na jina lake liko juu kabisa katika orodha ya wenye maziwa mengi, alinionyesha nguzo. "Mwalimu, tazama Februari. Nilinunua mara tisa. Mwakani zikiwa sifuri, nitakuja ofisini mwenyewe." Sijaona hesabu za benki zilizo wazi kama zile.

Kwa wale ambao nguzo zao zina alama nyingi za kununua, kazi ya kufanya mvua ikianza ni kupanda. Kule juu penye baridi na jalidi, kama Kinangop, nepia haistawi, na afadhali upande oti, uikate inapoanza kutoa suke na uikaushe. Katika sehemu zenye joto kidogo, nepia ndiyo mfalme. Ng'ombe mmoja mkubwa anahitaji kilo 70 hivi za nepia mbichi kwa siku, nazo kwa mwaka ni zaidi ya tani 25. Eka moja iliyotiwa samadi vizuri hulisha ng'ombe mmoja, na penye mvua nzuri huweza kukaribia wawili. Usisadiki mtu akuambiaye watano.

Tayarisha shamba mapema, kabla ya mvua. Kata vipande vya shina lililokomaa, kila kimoja kiwe na vifundo vitatu, na viwili viingie ardhini. Nafasi kati ya mistari ni futi tatu, na ndani ya mstari futi moja na nusu au mbili. Mahali penye mvua chache chimba mashimo ya futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, changanya udongo wa juu na debe moja au mawili ya samadi, na upande vipande vitano hadi kumi katika kila shimo. Usijaze shimo mpaka juu, acha nafasi ya maji ya mvua kukaa. Palilia mara mbili. Usikate kabla ya miezi mitatu au minne, yaani majani yanapokufika kiunoni, na unapokata acha kisiki cha inchi mbili au tatu juu ya udongo ili yachipuke tena. Samadi irudi pale pale kila baada ya kukata.